Sefalo, ensefalo na krani: tunatofautishaje kichwa, ubongo na fuvu katika istilahi za sayansi?

Mwanafunzi wa Uuguzi (mwanzisha mada)

Habari za jioni, wanajukwaa. Kipande "sefalo" kinanichanganya kwa sababu ninakutana nacho mahali pasipofanana hata kidogo. Kliniki ya wajawazito huelezwa kwamba mlalo wa mtoto ni wa sefaliki, yaani ametanguliza kichwa. Kwenye kabati la dawa ipo sefaleksini, ambayo mgonjwa huandikiwa hata kwa jipu la mguuni. Wodini tunafundishwa ensefalitisi, ambayo ni ugonjwa wa ubongo. Na katika baiolojia ya sekondari pweza aliwekwa kwenye kundi la sefalopoda. Je, kipande hiki kina maana moja au kadhaa? Ipo njia ya kujua ni kichwa au ni ubongo bila kukariri kila neno peke yake?

Mkufunzi wa Anatomia

Ndugu mwanzisha mada, maana ni moja tu, kichwa, kutoka neno la Kigiriki "kephale". Tofauti unayoitafuta imo katika silabi inayotangulia. Wagiriki wa kale waliuita ubongo "enkephalos", yaani kilichomo ndani ya kichwa, na ni hiyo "en" inayobeba maana ya ndani. Ukiona "ensefalo", fikiria ubongo. Ukiona "sefalo" pasipo "en", fikiria kichwa kama kinavyoonekana na kupimwa kwa nje. Ndiyo maana elektroensefalogramu, kipimo ambacho Hans Berger alikifanya kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, na ambacho leo husaidia kuchunguza kifafa, ni mchoro wa umeme wa ubongo.

Haidrosefalasi inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Jina linasema "maji" na "kichwa", wala halisemi ubongo, ingawa majimaji hayo hujikusanya katika vyumba vilivyomo ndani ya ubongo. Mtu mzima hutengeneza takriban mililita 500 za majimaji hayo kwa siku, ilhali yaliyopo mwilini kwa wakati mmoja ni kama mililita 150, kwa hiyo ni lazima yanyonywe na kurudi kwenye damu bila kukoma. Njia ikiziba kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya fuvu lake haijaungana na utosi wake ungali laini, kichwa hutanuka, na hicho ndicho wazazi na wauguzi wanachokiona kwanza. Hata kwetu hali hiyo huitwa kichwa kikubwa. Kwa mtu mzima fuvu limeshafunga, kichwa hakiongezeki hata sentimita moja, shinikizo lote huuelemea ubongo, na bado ugonjwa unaitwa kwa jina lile lile.

Mikrosefali, "kichwa kidogo", nayo ni jina la kipimo cha utepe unaozungushwa kichwani mwa mtoto, ingawa kinachomhangaisha daktari ni ubongo ambao haukukua. Neno hilo lilisikika sana mwaka 2016 kutokana na watoto waliozaliwa Brazili wa akina mama walioambukizwa virusi vya Zika, virusi ambavyo viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda.

Mfamasia

Nijibu kuhusu sefaleksini, maana wapo wanaodhani kuwa ni dawa ya kichwa. Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, aliyekuwa Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, alipata kuvu kutoka maji ya bahari karibu na mahali mfereji wa majitaka unapomwagikia, akaona kwamba inazuia bakteria. Kuvu hiyo ilikuwa ya jenasi ya Cephalosporium, iliyoitwa hivyo kwa sababu vijimbegu vyake hukusanyika kama kichwa kwenye ncha ya kijiti. Dawa zote za ukoo uliotokana na kuvu hiyo, yaani sefalosporini, sefaleksini ikiwemo, zikarithi jina. Baadaye wataalamu waliihamishia kuvu hiyo kwenye jenasi ya Acremonium, kwa hiyo sefalosporini zinabeba jina ambalo mzazi wake ameshalivua.

Mpenda Viumbe

Katika sefalopoda, "poda" ni miguu, na jina ni sahihi kuliko mazoea yetu. Ule mfuko ambao mvuvi huupindua ili kutoa uchafu, na ambao wengi tunauita kichwa cha pweza, kwa hakika ni kiwiliwili: humo ndimo yalimo matumbo na mashavu ya kupumulia. Kichwa chenyewe ni ile sehemu fupi yenye macho, na mikono yote minane imeota hapo hapo.

Wapo pia paa wa msituni wa jenasi ya Cephalophus, jina linalounganisha kichwa na "lophos", yaani ushungi, kutokana na kishungi cha nywele kilicho katikati ya pembe zao. Paa nunga wa Jozani, Unguja, ambaye pia yupo Arabuko-Sokoke nchini Kenya, ni Cephalophus adersi, na minde wa milima ya Tanzania ni Cephalophus spadix.

Mwanafunzi wa Uuguzi

Ninawashukuru nyote. Je, "krani" na "sepsi" ya baisepsi ziko wapi katika mpangilio huu?

Mkufunzi wa Anatomia

"Kranion" ni fuvu, kwa hiyo kraniotomia ni upasuaji wa kufungua fuvu. Humo ndimo limetoka pia jina la kipandauso katika lugha nyingi za Ulaya: Wagiriki waliyaita maumivu hayo "hemikrania", nusu ya fuvu, Wafaransa wakalifupisha hadi "migraine", na mwanzo wa neno ukapotea.

Baisepsi si ya Kigiriki. Ni Kilatini, kutoka "caput", kichwa, kwa kuwa msuli huo wa mkono una vichwa viwili vinavyoanzia kwenye mfupa wa bega. Usiihusishe na sepsisi ya wodini, ambayo ni Kigiriki na maana yake ya asili ni kuoza.