Azimio la Uhuru la Marekani: Locke anaingilia wapi?

Mwl_Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Kidato cha sita hapa Mbeya wanajibu kwamba makoloni 13 yalidai uhuru kwa sababu ya kodi, halafu jina la John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, wanaligonga mwishoni kama muhuri. Kama kisa ni kodi, mbona Azimio la 1776 linaanza na Muumba?

Kalenga_Juu
Wapangie kwa miaka, mwalimu. Mwaka 1765, kwenye Sheria ya Stempu (kodi ya magazeti na nyaraka), hoja kuu ilikuwa ya kisheria: sisi ni raia wa Kiingereza, hatutozwi kodi na Bunge tusilo na mwakilishi ndani yake. Machi 1766 London ikafuta stempu, lakini papo hapo ikapitisha sheria nyingine kwamba Bunge lina mamlaka juu ya makoloni kwa kila jambo. Hoja ikaanza kugonga mwamba. Haki uliyopewa na sheria za Uingereza haikusaidii kujitoa Uingereza. Ikahitajika haki isiyotoka kwa mfalme wala Bunge, na Locke alishaiandika: mtu huzaliwa huru, serikali hupata mamlaka kwa ridhaa, ikivunja amana inaondolewa.

Wasome aya ya pili ya Azimio polepole. Watu ni sawa. Serikali ipo kulinda haki zao. Ikiziharibu, wanaweza kuibadili. Ila si kwa makosa madogo. Hapo Thomas Jefferson, mwandishi wa rasimu, anachomeka "mlolongo mrefu wa uonevu", maneno ya Locke yuleyule. Ndiyo maana yanafuata malalamiko 27: huo ndio ushahidi wa mlolongo. Kodi bila ridhaa ni moja tu kati yake! Na mshitakiwa ni mfalme. Bunge halitajwi hata kwa jina, maana walishakana kwamba linawatawala.

Binti_Rungwe
Nyongeza: wanaosifu tu hupoteza alama. Jefferson alimiliki watumwa. Rasimu yake ilimlaumu mfalme kwa biashara ya utumwa. Kongresi, yaani mkutano wa wajumbe wa makoloni, ikaikata sehemu hiyo, South Carolina na Georgia zikiwa mbele kuipinga.

Mwl_Uyole
Asanteni sana. Na Tanganyika je? Nyerere naye nimweke kwa Locke?

Kalenga_Juu
Usilazimishe. Machi 1955, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York, msingi wa Nyerere ulikuwa udhamini wenyewe, maana Uingereza ilikuwa mdhamini tu wa Tanganyika: kifungu cha 76 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinamtaka mdhamini aiandae nchi kujitawala. Hiyo ni hoja ya mkataba, Locke hahitajiki.

Ukitaka suala la ridhaa, nenda kwenye kura tatu za 1958. Mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, tena awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. TANU ilipokubali kushiriki, kwenye mkutano wa Tabora, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake, ANC (African National Congress ya Tanganyika).

Binti_Rungwe
Hilo la Tabora liwe swali la mdahalo, mwalimu. Wagawe darasa nusu kwa nusu, kila upande ueleze kwanza haki ya kupiga kura inatoka wapi.