Mwanafunzi akikutwa na bangi bwenini: afukuzwe au asimamishwe?

Soweto_Mbeya
Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za baridi. Kuna chuo huku kwetu kimetoa rasimu ya kanuni za nidhamu. Kipengele kinachowasha moto ni hiki: mwanafunzi akikutwa na bangi, au akipimwa mkojo ukasoma (yaani ukaonyesha ametumia), anafukuzwa hata kama ni mara ya kwanza. Kanuni ya sasa ni kusimamishwa semista moja pamoja na ushauri nasaha. Maoni yanapokelewa mpaka Ijumaa. Mnasemaje?

Iyunga_Stesheni
Afukuzwe, tumalize. Mzazi yuko Tukuyu anachuma chai, anapimiwa kwa kilo, mtoto huku anageuza boomu, hela ya mkopo ya kujikimu, kuwa misokoto. Semista moja ni likizo hiyo, anarudi amenenepa. Shida mmezoea kulea. Nendeni Iringa muone, mtu anaamka na ulanzi, pombe ya mwanzi, saa mbili asubuhi na bado anaitwa mzee wa busara.

Mtwivila_B
Kamwene. Iringa imeingiaje hapo? Mada ni bangi ya chuoni, wewe umeruka Makambako yote kuja kutukana wazee wa watu. Ulanzi haumo kwenye Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Bangi imo. Mirungi imo. Kasome kwanza.

Masjala_Kozi
Anayesema semista moja ni likizo hajawahi kukaa na ratiba ya kozi. Kozi nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukisimamishwa semista ya pili, adhabu inaisha wakati chuo kinafungua semista ya kwanza, ambayo ulishaisoma. Unakaa tena kusubiri ya pili. Semista moja ya kwenye karatasi ni mwaka mzima mtaani. Na kama kozi hiyo ndiyo sharti la kuingia nyingine ya mwaka unaofuata, hesabu inazidi kuharibika. Wakati huohuo jina halimo kwenye orodha ya kusaini, boomu limekata. Aliyefukuzwa ndiyo kabisa: masomo yanakwisha, deni la Bodi ya Mikopo linabaki naye.

Iyunga_Stesheni
Kwa hiyo ratiba ikiwa mbovu tumsamehe mvutaji? Masjala, hayo ni matatizo ya ofisi yenu.

@Mtwivila_B nimetaja ulanzi kama mfano. Povu la nini?

Kiganja_Sheria
Tuache ukubwa wa adhabu kidogo, tuangalie inavyofikiwa, maana kesi nyingi za namna hii hufia hapo.

Chumba kina vitanda viwili vya juu na chini, wanalala wanne, wakati mwingine sita ukihesabu "wabebwaji", wasiopangiwa chumba wanaolala kwa wenzao. Msokoto umekutwa juu ya dari. Ni wa nani? Kumiliki kitu kunataka ujue kipo na uwe na mamlaka nacho. Kuwafukuza wanne wote kwa msokoto mmoja wa darini ni kubahatisha.

Halafu kielelezo chenyewe. Mlinzi akikikuta, inatakiwa shahidi asiyehusika awepo, hati ya ukamataji ijazwe palepale na wote wasaini, kitu kiingie kwenye bahasha ifungwe kwa lakiri, kisha polisi, na polisi ndio wanapeleka kwa Mkemia Mkuu, ambaye ana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Kinachofanyika mara nyingi: mlinzi anatia mfukoni, anampa msimamizi wa bweni, kinalala kwenye droo siku tatu pamoja na funguo na chaja. Hapo mnyororo umekatika. Hakuna anayeweza kuapa kwamba kilichopimwa ndicho kilichotoka darini.

La mwisho ni kamati. Mshauri wa Wanafunzi aliyeongoza msako ndiye huyohuyo anakalia kiti cha mwenyekiti. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Ukiivunja, mwanafunzi ana miezi 6 ya kuomba kibali Mahakama Kuu ili uamuzi upitiwe. Jaji hatauliza kama ulivuta. Atauliza kama ulipewa mashtaka kwa maandishi, ukapewa muda wa kujiandaa, ukawahoji mashahidi. Jibu likiwa hapana, uamuzi unatupwa na chuo kinaanza upya, mashahidi wenyewe wameshahitimu.

Ilomba_Kwa_Bibi
Mwanangu Kiganja, umesema vizuri, ila unawapa wahuni njia ya kutokea. Bweni likinuka kama tanuri la tumbaku, lakiri ya nini?

Kiganja_Sheria
Mama, shikamoo. Pua si kielelezo. Halafu sikusema chuo kikae kimya. Sheria hiyohiyo inambana mwenye jengo au msimamizi anayeruhusu litumike kuvutia. Wanatakiwa kuchukua hatua. Nasema wachukue hatua zinazosimama. Na kwa faida ya wote: kesi ya polisi na kesi ya nidhamu ni vitu viwili. Mtu anaweza kuachiwa mahakamani na bado chuo kikamwadhibu, kwa sababu kiwango cha uthibitisho hakifanani.

Maabara_Uyole
Mimi nakamatia hapo kwenye "akipimwa mkojo ukasoma", maana hicho kipengele kimeandikwa na mtu asiyejua kipimo.

Kile kijiti cha haraka kina sehemu mbili: C, inayoonyesha kijiti kinafanya kazi, na T, ya kipimo chenyewe. Mistari MIWILI maana yake hakuna kitu. Mstari MMOJA kwenye C ndio umesoma. Ni kinyume cha kipimo cha mimba, na ndiyo maana watu wanakisoma kichwa chini miguu juu. Mstari wa T hata ukiwa hafifu kama uzi wa buibui, bado ni mstari: hajasoma. C isipotokea, kijiti kimekufa, chukua kingine.

Kwa bangi, kiwango cha kawaida ambacho kijiti huanza kusoma ni nanogramu 50 kwa mililita. Aliyevuta mara moja anaweza kusoma siku tatu hivi. Anayevuta kila siku anaweza kusoma mwezi na zaidi baada ya kuacha. Kwa hiyo kipimo hakikuambii alivuta bwenini. Hakikuambii hata kama alivuta muhula huu. Huenda ilikuwa likizo, kwao.

Kazi ikifanywa sawasawa: mkojo unapimwa joto ndani ya dakika 4, uwe kati ya nyuzi 32 na 38, unagawanywa chupa mbili mbele ya mwenyewe, anasaini lakiri zote, chupa A ikisoma, inathibitishwa kwa mashine ya maabara kubwa, B inawekwa kwenye friza kwa ajili ya rufani. Kijiti peke yake ni kipimo cha awali tu.

Na hili msilipite haraka. Baadhi ya vijiti husoma bangi kwa mtu anayetumia efavirenz, dawa ya ARV iliyokuwa ya mstari wa kwanza kabla mseto mpya wa ARV, TLD, haujaingia. Njombe inaongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU, Iringa na Mbeya haziko mbali. Sasa mwanafunzi amesimama mbele ya kamati ya watu tisa, anaulizwa kwa nini kimesoma. Ajibu nini?

Iyunga_Stesheni
"Kichwa chini miguu juu", "mtu asiyejua kipimo". Dharau hizi za watu wa makoti meupe ndizo zinachosha. Nani hajui kusoma mistari miwili?

Maabara_Uyole
Mkuu, sijakutaja.

Iyunga_Stesheni
Umenilenga. Kama hutaki wafukuzwe, basi wapelekwe methadoni pale hospitali ya Rufaa, si huduma ipo?

Maabara_Uyole
Methadoni ni ya wanaotumia heroini na jamii yake. Mtu anakwenda kila siku, anakunywa dozi mbele ya mhudumu. Haifanyi chochote kwa bangi. Ukimpa asiyetumia unga, dozi inayomtosha teja mzoefu inaweza kumkatisha pumzi. Mvuta bangi tiba yake ni vikao vya ushauri, vya wiki kadhaa, si kile kikao kimoja cha "usirudie tena" halafu fomu inapigwa muhuri.

Masjala_Kozi
Hapo kwenye vikao ndipo pesa inapotakiwa. Mshauri nasaha mmoja kwa maelfu ya wanafunzi, vikao vya wiki kadhaa utavipanga vipi?

Mtwivila_B
Na mimi sijamaliza na Iyunga. Ulanzi una msimu, ni wa masika. Mwanzi mchanga unakatwa kichwa, mbeta, chombo cha kukingia, inafungwa pale, unagemwa asubuhi na jioni. Ukitoka mtini ni mtamu, mtoto anakunywa. Ukilala ndio unachacha na kuwa mkali. Sasa huyo mzee wako wa saa mbili asubuhi alikuwa anakunywa upi?

Ilomba_Kwa_Bibi
Jamani, ulanzi tena?

Iyunga_Stesheni
Alikuwa anakunywa uliolala. Alikuwa anayumba.

Mtwivila_B
Saa mbili ndio umetoka kugemwa! Uliolala ni wa jana!

Kiganja_Sheria
Ila kuna hoja humo. Kanuni nyingi za vyuo zinakataza pombe bwenini, na adhabu ni onyo au faini. Anayevunja vioo usiku akiwa amelewa analipa vioo. Anayekutwa na msokoto kimya anafukuzwa. Rasimu haisemi kwa nini.

Iyunga_Stesheni
Kwa sababu bangi ni kosa la jinai na ulanzi si kosa. Kasema mwenyewe Mtwivila hapo juu. Mnanizunguka wote.

Soweto_Mbeya
Wakuu, Ijumaa ni keshokutwa. Kuna aliyepeleka maoni? Maabara, lile la chupa mbili na ARV liweke kwenye karatasi nilipeleke mwenyewe.

Maabara_Uyole
Nakuandikia usiku huu. Kiganja aongeze la mwenyekiti wa kamati.

Mtwivila_B
Iyunga kwanza afute kauli.