Picha za kuonyesha wingi wa vitu tunavyotumia, kwa huku Mbeya tunaanzia wapi?

Chai_ya_Uyole

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nina vijana wa klabu ya sanaa huku Uyole, kamera zetu ni simu tu, na safari hii tumepewa kakona kwenye banda la watu Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale. Tunataka tubandike picha moja kubwa badala ya zile ishirini ndogo ndogo ambazo watu wanazipita wakiwahi kuangalia ng'ombe. Mfano tulionao ni yule Mmarekani Chris Jordan, alikuwa wakili kule Seattle akaacha sheria akahamia kwenye picha. Ana picha ya 2007, ukisimama mbali ni kama changarawe za rangi rangi tu, ukisogea kumbe chupa za plastiki, milioni mbili, na maelezo yanasema hizo ndo zinatumika Marekani kila dakika tano. Ana nyingine ya makopo ya alumini 106,000, hayo ni ya sekunde thelathini, kayapanga mpaka umetokea ule mchoro wa Georges Seurat wa watu wanaopunga upepo kando ya mto Paris. Vijana walibishana hapo nusu saa, wengine wanasema kapanga kopo moja moja wengine wanasema hamna kitu kama hicho duniani.

Sasa naomba msaada, kwanza jamaa anafanyaje, na pili sisi tuhesabu nini cha Mbeya ambacho mtu atasimama aangalie, maana sina takwimu yoyote ya maana na sitaki kubandika namba ya kubuni halafu mzee mmoja anisute mbele ya watoto.

FundiLenzi_Mwanjelwa

Dada, hajapanga milioni mbili. Picha zile ni vipande maelfu, anapiga mafungu madogo, anayachanganya, anapiga tena, halafu anakaa kwenye kompyuta kuyaunga mpaka idadi itimie. Ile ya chupa imechapwa kama mita moja na nusu kwa mita tatu, sasa gawanya mwenyewe, kila chupa inabakiwa na kieneo cha kama milimita moja na nusu kila upande. Ndo maana kwa mbali unaona changarawe. Na hapo ndo ujanja wote ulipo yani, kwa mbali ni pambo la ukutani, kwa karibu ni uchafu, na huwezi kuona vyote viwili kwa wakati mmoja, inabidi miguu yako itembee.

Kwa uwezo wenu msikimbilie milioni. Bango la mita tatu kwa moja na nusu ukilichapa kwa pikseli 72 kwa inchi unahitaji faili la kama pikseli 8,500 kwa 4,250, ukikipa kila kifuniko mraba wa pikseli 20 zinaingia chupa kama elfu tisini. Zinatosha kabisa. Tafuteni chupa mia mbili hivi, zisimamisheni kwenye turubai, mmoja apande ngazi apige kwa juu, wengine wazivuruge, apige tena, na tena, msichoke mapema kwasababu mkiwa na picha chache jicho linagundua fasta kwamba kile kifuniko chekundu kilichopinda kinajirudia kila baada ya sentimita kumi na hapo mchezo umeisha. Ngazi isihame. Pigeni kwenye kivuli cha ukuta, jua la kiangazi huku linaweka vivuli vyeusi na vipande havitaungana. GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, ni ya bure inafanya kazi hiyo, simu itakufa tu msijaribu.

Kamwene_IR

Kamwene wote, nawasalimu kutoka Iringa. Mimi picha hizo nazielewa ila nina swali la kichokozi, hivi huku kwetu chupa "inatumika" lini? Maana Marekani mtu anakunywa maji anatupa, hesabu imefungwa. Huku chupa ya maji ikiisha maji inaenda kuwekwa mafuta ya kupikia, ikitoka hapo asali, msimu wa mvua utaikuta barabarani ina ulanzi (pombe ya mianzi) unachemka kifuniko kimelegezwa, ikichakaa ndo mtoto anaikata anatengeneza gari. Ukisimama getini kuhesabu chupa mikononi mwa watu utahesabu chupa moja mara nne. Mkiiga picha ya mzungu kama ilivyo mtakuwa mmepiga picha ya Marekani kwa kutumia chupa za Mbeya.

Na namba kubwa zenyewe zinachosha. Huyo huyo Jordan mwaka 2009 alienda kisiwa cha Midway katikati ya Pasifiki akapiga vifaranga vya albatrosi, ndege wa baharini, waliokufa, tumbo limeoza limebaki wazi, ndani vifuniko na viberiti vya gesi ambavyo wazazi wao waliokota baharini wakawalisha. Hakugusa hata kipande kimoja. Hapo hakuna milioni, ni ndege mmoja, na mimi binafsi ile ndo inanikaba koo. Hizi za kompyuta nasema tu waaah hesabu, napita.

Hesabu_Hazidanganyi

Naomba nitie mchanga kitumbua kidogo. Milioni mbili kwa dakika tano ni milioni 24 kwa saa, kwa siku milioni 576. Marekani walivuka watu milioni 300 mwaka 2006. Gawanya: kama chupa mbili kwa kila mtu kwa siku. Mbili tu wajameni! Angeandika chini ya picha "kila Mmarekani chupa mbili kwa siku" nani angesimama? Hizo dakika tano kazichagua yeye, angetaka angechagua sekunde moja zikawa elfu sita na mia sita hivi, au mwaka mzima ikawa namba isiyosomeka. Kwenye vikombe vya karatasi vya kahawa kachagua dakika kumi na tano, vikombe 410,000. Kwenye mifuko ya plastiki sekunde tano, 60,000. Kila picha na saa yake. Mimi nilipogundua hilo niliona kama nimechezewa hivi, ila baadae nikaona mbona ndo penyewe, kwasababu chupa mbili haziwezi kumshtua mtu yeyote na hakuna mtu hata mmoja pale anayejiona ana kosa, kila mtu na viwili vyake, na rundo lipo palepale.

Kwaiyo dada usitafute takwimu ya taifa. Chagua mahali na muda ambao mnaweza kuusimamia wenyewe. Na kama unataka watu wa Mbeya waielewe ya Marekani waambie hivi, sensa ya 2022 ilikuta jiji letu lina watu zaidi ya laki tano, sasa toka Iyunga mpaka Uyole kila mtu ashike chupa moja, mzee, mtoto mchanga, bodaboda, wote. Marekani ya kwenye ile picha inazimaliza zote kabla dakika moja na nusu haijaisha.

Chai_ya_Uyole

@Hesabu hiyo ya Iyunga mpaka Uyole naichukua hivyo hivyo ilivyo 😂. @Kamwene kaka umenipa kazi, hilo la ulanzi sikulifikiria kabisa. Labda tuhesabu vinavyotupwa sio vinavyoshikwa?

Mufindi_Baridi

Mimi naona mnaangalia upande mmoja tu. Vile vikombe 410,000 vya karatasi vimetoka kwenye mti, na mimi niko Mafinga, miti ndo naiona kila siku. Malori ya magogo ya Sao Hill, mirunda, mbao, kiwanda cha karatasi kule Mgololo, chai huko milimani. Njombe na Rungwe maparachichi yanapakiwa kwenye maboksi kwenda kuliwa na watu hatuwajui. Nyanda za juu kusini sisi ni stoo ya watu wengine. Picha ya matumizi makubwa ikipigwa New York ni ya vikombe, ikipigwa huku ni ya visiki.

Kuna Mkanada anaitwa Edward Burtynsky yeye anafanya huo upande, migodi, machimbo ya mawe, viwanda. Haungi kwa kompyuta idadi ya kufikirika, anaenda kwenye sehemu yenyewe anapanda juu anapiga kilichopo. Ana moja ya 2005 ya kiwanda cha kuku China, wafanyakazi wamevaa mavazi ya pinki mistari kwa mistari mpaka mwisho wa jengo. Halafu mwaka 2016 alipiga Lagos, magogo yamejaa kwenye maji kule kwenye viwanda vya mbao, kwa juu, moshi umetanda. Niliiona ile nikasema hii mbona nyumbani, tofauti sisi yetu yanaenda kwa lori. Hana kelele za namba, jina la sehemu na mwaka basi, na bado unajua ni mengi kupita kiasi.

Sikatai chupa, ila Nane Nane ni sikukuu ya wakulima. Lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kipimo) za viazi za siku moja sokoni zingeongea zaidi.

Kamwene_IR

Mufindi umeongea. Ila lumbesa itazua kesi ya vipimo hapo hapo bandani 🤣

Makopo_Soweto

Habari, mimi nafanya biashara ya makopo, hayo mnayoita chupa za plastiki, naokotewa na kina mama na vijana nanunua kwa kilo. Niwaambie kitu, hamna haja ya kompyuta. Kwangu zipo zimejazwa kwenye masandarusi makubwa yamepandishwa mpaka juu ya ukuta, na hizo ndo zilizokwisha kazi kweli kweli, zilishabeba mafuta, asali na huo ulanzi wa kaka wa Iringa, hakuna wa kuzirudisha tena jikoni. Kwaiyo ukihesabu kwangu hauhesabu kitu mara nne. Mimi naandika kwenye daftari kilo kila siku, na ukipima kilo moja ukahesabu zinaingia ngapi, ndogo na kubwa uzichanganye kama zinavyokuja, umeshapata idadi ya wiki nzima bila kudanganya mtu. Ila mjue zinazofika kwangu ni zilizookotwa. Zilizoko mtaroni na zilizochomwa nyuma ya nyumba hazimo, na hiyo iandikeni kwenye bango msije mkaonekana mnasema ndo zote.

Halafu naomba na wale wanaookota waonekane. Hizo picha za Marekani nimezifungua hapa, nzuri, mtu hayumo. Ukiangalia utadhani zimejipanga zenyewe.

Zamani ningewapa na rambo (mifuko ya plastiki), ila toka tarehe 1 Juni 2019 zilivyopigwa marufuku zimebaki za kuvizia tu.

Chai_ya_Uyole

Kaka Makopo nimekuinbox. Nimewasomea vijana yote haya, wameamua: chupa zako, za wiki moja, idadi kutoka kwenye daftari, na katikati ya bango badala ya Seurat tuyapange maumbo ya kina mama wawili wameinama wanaokota, yatokee kwa rangi za vifuniko, ukiwa mbali uwaone wao, ukisogea uone makopo. Bluu zipo nyingi sana tunafikiri zitafaa kwa vitenge. Na chini tutaandika zilizochomwa hazimo.

Ya magogo Mufindi usiitupe, mwakani.

FundiLenzi_Mwanjelwa

Hiyo ya kina mama itahitaji vifuniko vyeusi au kahawia kwa ngozi na huwa ni vichache, mkianza kuokota okoteni hivyo kwanza. Faili likiwa tayari lete tuchape kipande cha nusu mita kwanza tuone rangi kabla hamjalipia bango zima. Ngazi ninayo, ya futi kumi na mbili, ila mje na mtu asiyeogopa kupanda maana mimi kwa mgongo huu sipandi.