Senti ya tundu kulipiwa gredi Marekani: akili au kutupa hela?

Kibubu Kikuukuu
Wakuu salaam. Mzee wangu alifariki mwaka juzi akaacha bati la biskuti limejaa sarafu. Si hazina, msije mkanijazia inboksi. Ni vitu mnavyovijua: senti kumi za tundu za enzi za Mwingereza, shilingi za simba, thumni (senti hamsini) za Nyerere zenye sungura, na shilingi za mwenge za 1966, ambazo baadhi ziko kwenye bahasha na zinawaka kama zimetoka kiwandani jana.
Jamaa mmoja kanishauri nizitume Marekani, kwa kampuni za kupima sarafu, PCGS au NGC, wazipe gredi kati ya 1 na 70, 70 ndiyo bora kabisa, na kuzifungia kwenye plastiki yenye namba, ndipo nitauza kwa bei ya maana. Nimepiga hesabu: dola 20 na kitu mpaka 30 kwa sarafu moja, bado uanachama, bado ada ya fomu, bado posta ya kwenda na kurudi. Senti kumi yenyewe hapa mjini ukibahatika ni buku. Nilipe au niache?

Fundi Saa
Acha. Nakusanya tangu 1988, nitasema kwa kifupi. Gredi inalipiwa pale ambapo jibu litabadilisha bei. Senti ya tundu ikipata 62 au 64 ni buku ileile. Unatoa elfu 60 na ushee ili Mmarekani akuthibitishie kwamba una sarafu ya buku. Kibweta cha plastiki cha kuhifadhia unakipata kwa bei ya soda.
Na kabla ya yote angalia kama mzee alikuwa anazisugua. Sarafu nyingi za wazee wetu zimeshapigwa ndimu na majivu, na hizo kwa mkusanyaji ni chuma chakavu.

Binti Pangani
Shikamoo Fundi Saa.
Chuma chakavu? Bibi yangu alikuwa na shilingi za simba kumi na mbili. Kila kuamkia Idi anazisugua kwa majivu na ndimu mpaka unajiona uso, anazipanga kwenye sinia la shaba, wajukuu tunaruhusiwa kuzishika, si kuzichukua. Nimezirithi tisa. Siuzi na sitauza. Lakini leo nimejua kumbe bibi alikuwa muuza skrepa.

Fundi Saa
Marahaba binti. Bibi sikumgusa, nimesema soko. Ile shilingi ya simba mpaka ya 1946 ina fedha robo tu. Ndimu inakula ngozi ya juu, majivu yanakwaruza. Itazame chini ya lenzi, utaona mistari kama barabara ya vumbi iliyopitiwa na greda. Wapimaji wakiiona hawakupi namba, wanaandika kwamba imesafishwa, na ada yako hairudi.

Binti Pangani
Kwa hiyo sarafu yenye ukoko wa jasho la watu miaka 80 ndiyo safi, ya bibi ndiyo chafu. Haya.

Ndururu wa Mvita
Yakhe, hapo binti amenena. Sisi Mombasa twajua kitu cha thamani ni chenye kung'arishwa. Lakini niwape yangu yaliyonipata. Mwaka jana nilituma kumi na mbili kupitia kwa wakala mmoja. Tano zikarudi zimeandikwa zimesafishwa, na wallahi sikutia ndimu wala majivu, ni sabuni ya kuogea na kitambaa laini. Saba zikapata namba. Bora yao ilikuwa ndururu, yaani senti tano, ya 1964, ile isokuwa na jina la mfalme, 65 nzima. Nikaipeleka mnadani kwenye mtandao kifua mbele. Ikaenda kwa dola 18. Hiyo ndiyo iliyokuwa bora.

Rupia Kwanza
Wakuu nina rupia ya Mjerumani 1890, kichwa chenye kofia ya tai, nyuma simba na mnazi. Mnunuzi wa ukweli aje na ofa. Nipo Shinyanga.

Mswahili wa Hamburg
Tatizo lenu nyie huko nyumbani mnapima kila kitu kwa bei ya Kariakoo. Mnunuzi wa Ohio hakujui wewe ni nani. Picha uliyopiga kwa simu juu ya kitanda haimwambii lolote, na amesikia habari za kughushi mpaka amechoka. Ile namba kwenye plastiki anaiingiza kwenye tovuti ya kampuni, taarifa za sarafu zinakuja, roho inatulia. Unacholipia si gredi, ni kuaminiwa na mtu asiyekujua.
Hapa Ujerumani kuna mambo mengine. Wakusanyaji wengi wa zamani hawana mapenzi na plastiki, wanataka kuishika sarafu kwa vidole. Nimemwona mzee mmoja ananunua rupia iliyofungiwa, akatoa koleo akaipasua plastiki palepale. Kwa hiyo Kibubu, jiulize kwanza unamuuzia nani. Kama ni Mmarekani, labda. Kama ni Mjerumani, umelipa ili yeye apate kazi ya kuvunja.

Mwana wa Tabora
"Nyie huko nyumbani." Huko ulikofika uliondokea wapi, mkuu? Ulizaliwa ndani ya meli?

Ndururu wa Mvita
Hahaa! Juu ya kitanda! Mimi picha zangu nazipiga juu ya meza, tena meza ya vioo.

Mswahili wa Hamburg
Nimeandika aya mbili, mmeshika maneno matatu.

Mwana wa Tabora
Ndiyo matatu yaliyouma. Na huko kughushi unakokusema, sarafu inayoghushiwa sana ni yetu. Rupia 15 ya dhahabu, 1916, tembo mbele ya mlima. Mwingereza kaziba bahari, Mjerumani hela hana, akaifua kwenye karakana ya reli pale Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Si Berlin, Tabora! Zilitoka kama laki moja hivi, leo ukiwa nayo umetajirika. Hiyo ndiyo ya kulipia gredi, si vitundu vyenu.

Fundi Saa
Laki moja wapi. Ni 16,198. Zingekuwa laki moja zisingekuwa na bei hiyo. Ila kwenye hoja tuko pamoja, dhahabu ya Tabora usiinunue bila kupimwa, hata kama anayeuza ni shemeji yako. Ila senti 20 za Tabora za mwaka huohuo, za shaba na za shaba ya njano, zimejaa tele. Hizo usilipie.

Mwana wa Tabora
Si senti 20 mzee, ni heller 20. Senti zilikuja na Mwingereza. Na ndiko lilikotoka neno hela. Nakurekebisha na mimi, tumelipana.

Ndururu wa Mvita
Ndiyo maana sisi twasema pesa. Lenu la Mjerumani, letu la Mhindi, sote hatuna.

Rupia Kwanza
Mkuu wa Hamburg naomba namba ya huyo mzee mwenye koleo.

Chuma Ulete
Wewe wa Shinyanga, rupia yako umeijaribu na mchele? Kuna wataalamu wanasema ya kweli ukiisogeza karibu na punje, punje inasogea yenyewe. Hizo ndizo zinazotafutwa, bei yake ni milioni mia na kwenda juu.

Fundi Saa
Jamani. Fedha haivuti mchele. Haivuti hata sumaku, na hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mtoto: sumaku ikinasa, rupia yako ni bati. Hao wataalamu watakuja na boksi lenye taa, watakuomba laki tano ya kemikali ya kupimia, na hutawaona tena. Kuna jirani yangu aliuza ng'ombe wawili kwa habari hii ya mchele. Rupia ya kawaida ina gramu 11 na nusu na ushee. Ipeleke kwa sonara aipime kwenye mizani, basi.

Chuma Ulete
Sijasema naamini. Nimesema wanasema.

Rupia Kwanza
Mchele wa Kahama unafaa au lazima wa Kyela?

Kibubu Kikuukuu
Wakuu, turudini kidogo. Nimezipanga leo. Kuna senti kumi ya 1936 imeandikwa EDWARDVS VIII. Yule jamaa anasema hii ni adimu dunia nzima, kwa sababu huyu mfalme alijiuzulu kabla ya kuvikwa taji na Uingereza kwenyewe hazikutoka sarafu zake. Hii si ndiyo ya kutuma?

Fundi Saa
Nilijua itafika tu. Kila bati la biskuti Afrika Mashariki lina Edward. Ni kweli alitawala mwaka 1936 tu, hata mwaka haukutimia akaacha ufalme kwa ajili ya mwanamke, na kwao sarafu zenye sura yake hazikuingia sokoni. Lakini sarafu ya tundu haina sura, ina jina tu, pale pa kichwa ndipo palipo tundu. Kwa hiyo zetu ziliendelea kufuliwa, London na Birmingham, mamilioni. Tazama chini kama kuna herufi H au KN, ni alama za viwanda vya Birmingham. Zenye herufi, zisizo na herufi, zote zimejaa. Mafundi baiskeli walizifanya washa za kukazia nati. Mabati ya shule niliyosoma yalipigiliwa misumari na Edward wa Nane.

Mswahili wa Hamburg
Lakini hapo usifunge mlango wote mzee. Sarafu ya kawaida ikiwa kwenye hali isiyo ya kawaida si ya kawaida tena. Senti za tundu zilitumika mpaka zikachakaa, ya 1936 iliyobaki na wekundu wake wote wa kiwandani ni kitu kingine. Kuna watu wanashindana kukusanya gredi za juu kabisa, na 67 yao haiuzwi bei ya 64. Ndiyo maana watu wanatuma.

Fundi Saa
Na kwa kila 67 moja unayoisikia kuna hamsini za kina Ndururu zilizouzwa dola 18. Aliyepata anatangaza, aliyekosa anakaa kimya.

Ndururu wa Mvita
Mimi sikukaa kimya mbona, nimesema hapa hadharani na sasa nimekuwa mfano.

Binti Pangani
Swali moja kwa mzee Fundi. Tuseme nataka za bibi zifungiwe, siuzi, nataka tu wajukuu wangu waone. Huko Marekani wataandika "imesafishwa" juu ya jina la bibi?

Fundi Saa
Jina la bibi hawaandiki, binti yangu. Wataandika nchi, mwaka, thamani, na kwamba imesafishwa.

Binti Pangani
Basi waache. Nitaandika mwenyewe na kalamu.

Mwana wa Tabora
Hivi mnajua kutoa sarafu za kale nje ya nchi ni kosa? Tunajadili ada, kumbe tunajadili wizi.

Mswahili wa Hamburg
Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inazungumzia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ukiwa na visarafu vya masultani wa Kilwa, hapo kaa mbali na posta. Sungura wa Nyerere hayumo.

Mwana wa Tabora
Umeisomea Hamburg hiyo?

Mswahili wa Hamburg
Nimeisomea Mlimani, kabla sijazaliwa ndani ya meli.

Fundi Saa
Kibubu, nikupe jibu la mwisho nikalale. Senti za tundu, simba na thumni weka kwenye karatasi au vibweta, uza kwa kilo au gawia watoto. Zile shilingi za mwenge za 1966 zilizo kwenye bahasha, kama kweli zina mng'ao wa kiwandani na hazijaguswa, chagua mbili bora, mbili tu, tumia lenzi, na hizo ukitaka kubahatisha tuma pamoja na za mtu mwingine mgawane posta. Shika pembeni, usiguse uso. Usizifute hata na shati.

Kibubu Kikuukuu
Nashukuru sana mzee. Wikiendi nikienda nyumbani nitachagua.

Rupia Kwanza
Mchele haujasogea. Lakini nimegundua ulikuwa na unyevu. Nitarudia kesho.

Kibubu Kikuukuu
Wakuu. Nimefika nyumbani jana. Mama alikuwa amemwambia mdogo wangu amsomee mjadala huu kwenye simu, wakaishia pale juu kwa ndimu na majivu. Akaona ndiyo maelekezo. Kanipokea mlangoni na sinia.

Fundi Saa
Zipi?

Kibubu Kikuukuu
Zote. Hata zilizokuwa kwenye bahasha. Alianza na hizo, anasema ndizo zilizotakata upesi.

Ndururu wa Mvita
Inna lillahi.

Binti Pangani
Mpe mama pole na hongera. Majivu alitumia ya kuni au ya mkaa?