Disemba kwa dani (nyanya yetu) Kendu Bay: tuirudishe ama twende hoteli Naivasha?

Wadau habari zenu, naomba ushauri kabla watu hawajakosana kwa grupu ya familia. Sisi tulilelewa Nakuru lakini kila Disemba shule zikifungwa mzee alikuwa anatubeba hadi kwa dani Kendu Bay, tukipita Ahero, Katito, na Ziwa Victoria likianza kuonekana hakuna mtoto alinyamaza tena. Mabinamu wote tulilala sebuleni kwa mikeka, asubuhi tunatumwa kugeuza omena (dagaa) zilizoanikwa kwa neti na kufukuza ndege, ziwa limetulia tuli, jioni kina mama wanakaanga ngege (tilapia) na wazee wanabishana siasa chini ya mwembe. Tangu dani atuache hakuna mtu ameita wengine. Sasa dadangu mkubwa anataka tuchangie hoteli Naivasha, eti watoto hawatawezana na mbu na choo cha nje. Boma iko, mjomba ndiye anakaa, ila maji yalipanda 2020 yakameza shamba la chini na pale tulikuwa tunaogelea ni matete matupu. Nilazimishe ama niwachane nayo?

Nyarkendu: Mjomba umemuuliza? Mnapanga kwake na yeye hana habari! Mpigie kwanza, grupu baadaye. Na pesa ya chakula itumwe mapema, pamoja na mtu wa kusaidia jikoni, ama mke wa mjomba atawapikia nyote mkipiga selfi.

Mkulima_Njoro: Naivasha pia maji ilipanda, watu wa mtaa wa Kihoto walihama. Na viboko hutoka usiku kula nyasi za hoteli, mwambie dada aulize 😂

Nesi wa Kisumu: Watoto wasiingie maji karibu na matete, konokono wa kichocho hukaa hapo. Wakiingia bado, wapimwe baadaye, dawa ipo. Mashua iwe asubuhi na kila mtu avae jaketi ya kuokoa maisha, mchana upepo huchafua ziwa vibaya.

Otonglo1: Wapeleke ziwa dogo la Simbi Nyaima, si mbali. Ni maji ya magadi hakuna kuogelea, lakini mkibahatika flamingo wako, na uwape ile hadithi ya bibi kizee alinyimwa ukarimu kwa sherehe mvua ikazamisha kijiji kizima. Ya dani wako ilikuwa tamu zaidi najua.

Mwenye uzi: Asanteni. Mjomba amecheka sana, ameuliza tu kama tutabeba hema kwa sababu paa la sebule linavuja. Dada amekubali siku mbili, na neti yake ya mbu. Nani anajua wapi wanakodisha hema Kisumu kwa bei ya mwananchi?