Wameniambia nilipie kodi kwanza ndo nitoe hela zangu, nilipe au niache?

Mzee wa Chanika:
Wakuu habari za mchana, naombeni ushauri wa haraka maana nimepewa mpaka saa 6 usiku wa leo.

Miezi mitatu nyuma jirani aliniunga kwenye grupu la WhatsApp, kazi yenyewe unaweka hela alafu kila asubuhi unapewa taski, unafungua video za matangazo unalaiki basi umemaliza, dakika kumi tu. Nilianza na 30,000 nikawa napata 1,200 kwa siku, na nilitoa kweli jamani, mara mbili, hela ikaingia kwenye simu nikanunua unga na luku. Hapo ndo nikalegea. Nikapanda mpaka daraja la 380,000 ambalo kwa siku ni 16,000. Hiyo 380 sio yangu yote, laki mbili ni ya kikoba cha wife na yeye anajua nimeikopesha kwa mtu.

Sasa kwenye apu salio linasoma 912,000. Jumatatu nikasema nitoe yote, ikagoma. Admini anajiita Madam Clara akaniambia akaunti iko kwenye ukaguzi, nilipie kodi asilimia 18 yaani 164,160 ndo inafunguka, nisipolipa leo salio linafutwa. Kwenye grupu watu wanatuma skrinshoti kwamba wamelipa na wametoa. Na kampuni ina cheti cha BRELA, nimekiona. Nilipe?

Kipanga77:
Usilipe. Nitarudi nikitoka kazini nieleze.

Babu Ledger:
Mkuu pole, ila nikuulize, hiyo kodi umeambiwa uilipe wapi? Maana TRA ukidaiwa unapewa kontro namba, unalipia benki au kwenye simu na hela inaenda serikalini moja kwa moja. Kama umepewa namba ya simu ya mtu na jina linalotokea ni la mtu, hiyo kodi ya nani? Alafu 18 ni ya VAT, hakuna mahali duniani unakatwa VAT kwa kutoa akiba yako mwenyewe, wamechukua tu tarakimu ambayo umezoea kuiona kwenye risiti ili ikuingie. Na kama kweli una 912 humo ndani si wakate hukohuko wakupe 747 inayobaki? Waulize hilo swali usikie watajibu nini.

Cheti cha BRELA kinasema jina la kampuni limesajiliwa, basi. Hata mimi na wewe kesho tunasajili. Kupokea amana za watu kunataka leseni ya BoT yaani Benki Kuu, kukusanya hela za uwekezaji kunataka ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na majina ya wenye leseni wanayaweka wazi. Novemba 2024 BoT walitoa orodha ya apu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, na nyingi watu walikuwa nazo kwenye simu wanazitumia kila siku.

Na hesabu nyepesi: 16,000 mara siku 365 ni 5,840,000. Umeweka 380,000. Yaani hela inazaa zaidi ya mara 15 kwa mwaka kwa kulaiki video. Serikali ilipotoa hatifungani (yaani unaikopesha serikali inakulipa riba) ya miaka 25 kwa mara ya kwanza 2021 ilikuwa inalipa 15.95%, kwa mwaka, na watu walisema hiyo ni nzuri sana.

Mzee wa Chanika:
Namba ni ya simu ya kawaida, jina limetokea la mwanaume. Clara anasema ni mhasibu wao.

tumaini_jipya (mwanachama mpya):
Pole sana ndugu hata mimi yalinikuta nilipoteza milioni 2 lakini nashukuru kuna mtaalamu wa mitandao alinirudishia hela yangu yote ndani ya masaa 3, ni mwaminifu sana, njoo PM nikupe namba yake

Mzee wa Chanika:
Mkuu asante umenitia moyo. Nimemcheki anasema ada ya kufungulia faili ni elfu 40 tu, hela ikirudi ndo namalizia.

Babu Ledger:
MZEE WA CHANIKA WEKA SIMU CHINI. Huyo ni haohao au ndugu zao, amejiunga leo, ana posti moja, na hiyo posti ni hii! Wanazunguka kutafuta waliotapeliwa maana wanajua mtu akiwa na uchungu hafikirii. Modi tunaomba umuondoe.

Dada Pwani:
Mimi nitaongea ukweli hata mkinitukana. Nilikuwa kiongozi wa timu kwenye moja ya hizi, jina siliweki. Nilikuwa na watu 41 chini yangu na nilikuwa naamini kabisa, nilikuwa nawapigia simu saa 11 alfajiri wamalize taski.

Zile mara mbili ulizotoa mkuu hakuna biashara iliyozaa hapo, ni hela ya aliyeingia wiki ile baada yako, na wanakuachia makusudi maana ukishanunua unga na luku huwezi tena kuambiwa ni matapeli, utabishana na mkeo mpaka basi. Skrinshoti za waliolipa kodi wakatoa, sisi viongozi tulikuwa tunatumiwa zikiwa tayari tuzipandishe kwenye grupu, tunaambiwa "tia watu moyo". Nilipandisha nyingi tu. Lile salio la 912 ni tarakimu wameandika kwenye skrini, hakuna hela imekaa mahali. Na ukilipa hiyo 164 utaambiwa jina lako halijafanana na NIDA, lipia 90 ya uhakiki, ukilipa hiyo itakuja nyingine. Kwangu kuna baba mmoja alilipa mara nne, ya mwisho aliuza mbuzi.

Wazee wa 2009 wanaikumbuka DECI, ile ya kupanda mbegu na kuvuna, ilianza kabla ya hizi apu, watu walipanga foleni kabisa kwenda kutoa hela yao kwa mkono wao, na 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Upatu wa namna hii, wa kulipa wa mwanzo kwa hela za wanaoingia nyuma, ni kosa la jinai hapa nchini, kwa hiyo na sisi tuliounga watu tusijione wahanga tu. Mimi watu 9 nimewalipa kutoka mfukoni, wengine wananipita barabarani kama hawanijui.

Kipanga77:
Nimerudi. Dada Pwani amemaliza mengi. Mimi nauliza kitu kimoja, hiyo apu uliipata Play Store au walikutumia faili kwenye WhatsApp?

Mzee wa Chanika:
Faili. Ikasema simu haitambui chanzo, Clara akanielekeza pa kubonyeza ikubali. Na nilituma picha ya kitambulisho mbele na nyuma.

Kipanga77:
Basi hilo ndo la kushughulikia sasa hivi kabla hata ya hiyo hela. Apu ya namna hiyo ukiipa ruhusa ya kusoma meseji inaona kila kitu kinachoingia, pamoja na namba za uthibitisho za benki. Itoe, alafu kwa simu ya mtu mwingine unayemuamini badilisha nywila za barua pepe na benki, na PIN ya hela kwenye simu ubadilishe baada ya kuitoa. Ukiweza simu yenyewe irudishe kiwandani kabisa.

Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika waifute, maana namba iliyosajiliwa kwa jina lako ikitapeli mtu polisi watakuja kwako sio kwa Clara. Ile namba ya "mhasibu" iripoti 15040, palepale tunaporipoti "ile hela tuma kwenye namba hii". Kituoni nenda na meseji za miamala, usifute chati hata moja, chukua RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Kurudishiwa hela sikuahidi, wanatoa kwa wakala dakika ileile.

Mzee wa Chanika:
Nashukuru wote. Sijalipa. Nilimuuliza Clara kwa nini wasikate hukohuko kama Babu alivyosema, akanijibu "mfumo hauruhusu", nikauliza tena akanitoa kwenye grupu.

*106# imeleta namba tatu, mbili zangu, moja siijui. Kesho asubuhi nipo dukani.

Wife nimemwambia. Hakupiga kelele, kakaa kimya muda mrefu alafu akaniuliza kama ni kweli hela haitoki, nikamwambia haitoki. Ndo akaniambia wiki iliyopita alichukua linki yangu kwenye simu akawaunga wenzake sita wa kikoba, alitaka kunifanyia sapraizi ya bonasi. Kikao chao ni Jumamosi saa 9.

Dada Pwani:
Usisubiri Jumamosi. Wapigie leo, wanaweza kuwa nao wameambiwa walipie kodi usiku huu.

Mzee wa Chanika:
Wawili wamepokea. Mmoja alikuwa tayari amesimama kwa wakala.