Stephen Keshi: katikati ya kitambaa cha unahodha na kombe la ukocha kulikuwa na nini?

Mdau wa Jamhuri

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Kijiwe cha soka hapa Kizota kimegawanyika. Nahodha wa timu ya mtaa anatundika daluga, goti limegoma, na viongozi wanataka kumkabidhi timu ya wakubwa msimu ujao awe kocha mkuu. Hoja yao ni moja tu: Keshi alikuwa nahodha wa Nigeria iliyobeba kombe la Afrika 1994, akalibeba tena akiwa kocha 2013, kwa hiyo nahodha mzuri ni kocha mzuri.

Wanaoifahamu historia ile watusaidie. Ile miaka 19 katikati alikuwa anafanya nini? Kilichompa ubingwa ni unahodha au kitu kingine? Na hapa mkoani kwetu, nahodha anayetaka kufundisha aanzie wapi?

Kiungo Mkabaji

Viongozi wenu wamesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, wa katikati wameuruka.

Keshi alikuwa beki wa kati. Alicheza Ivory Coast, akaenda Ubelgiji (Lokeren, kisha Anderlecht), halafu Strasbourg ya Ufaransa. Kwenye Kombe la Dunia la 1994 nahodha huyo huyo alicheza mechi moja tu, dhidi ya Ugiriki. Zingine alikaa benchi. Likumbukeni hilo, maana linarudi 2013.

Alipoacha kucheza hakupewa Super Eagles, timu ya taifa ya Nigeria. Alianza kama msaidizi kwenye benchi la ufundi la Nigeria, na 2001 akasimamia vijana kwenye mashindano ya Afrika, wakashindwa kufuzu Kombe la Dunia la vijana. 2004 akachukua Togo, timu ambayo hakuna aliyekuwa akiipa nafasi. Kundi lao la kufuzu lilikuwa na Senegal, Zambia, Congo Brazzaville, Mali na Liberia. Walimaliza na pointi 23, Senegal 21, wakaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Adebayor peke yake alifunga mabao 11.

Na bado hakwenda Ujerumani kwenye Kombe hilo la Dunia la 2006. AFCON (kombe la Afrika) ya Januari 2006 Togo walipoteza mechi zote tatu, akagombana na Adebayor, akaondolewa, timu akapewa Otto Pfister. Baadaye akafundisha Mali, wakatolewa hatua ya makundi AFCON 2010. Nigeria walimpa timu mwishoni mwa 2011. Kwa hiyo alipofika pale alikuwa ameshafuzu, ameshafukuzwa, na ameshaona mchezaji nyota anavyoweza kugeuka mwiba kwa kocha.

Dada wa Jukwaa Kuu

Niongeze kuhusu 2013, maana ndipo kazi ya ukocha inapoonekana wazi.

Aliwaacha nyumbani Odemwingie, Obafemi Martins na Taye Taiwo. Akachukua wachezaji sita wa ligi ya ndani, akiwemo beki Oboabona na kiungo Sunday Mba. Hilo lilikuwa jambo zito kwa nchi iliyozoea kujaza kikosi na wanaocheza Ulaya. Beki ya kati ikawa Oboabona na Omeruo, kijana wa miaka 19. Yobo, nahodha wa timu, akasugua benchi. Mtu aliyewahi kukaa benchi akiwa na kitambaa ana uwezo wa kumwambia mwenzake jambo hilo uso kwa uso, na Yobo hakuivuruga kambi.

Mbele yao Mikel alikaa chini akipanga pasi, Onazi akikimbia na kukaba, Mba akiingia kwenye boksi kwa kuchelewa. Emenike alikaa katikati ya ushambuliaji, Moses pembeni. Walianza vibaya: sare ya 1-1 na Burkina Faso, 1-1 na Zambia, kisha 2-0 kwa Ethiopia, mabao yote mawili ya penalti za Moses. Robo fainali wakaitoa Ivory Coast ya Drogba na Yaya Touré 2-1, bao la ushindi la Mba. Mali wakapigwa 4-1. Emenike akaumia kwenye nusu fainali hiyo, akakosa fainali, na Mba akafunga bao pekee dhidi ya Burkina Faso. Baada ya sare mbili kocha mwenye woga angewarudisha wazee. Keshi hakuwarudisha.

Mdau wa Jamhuri

Ahsanteni sana. Sasa hilo la hapa kwetu, wakuu. Na kwa nini baada ya ubingwa mambo yaliharibika?

Kocha wa Vumbi

Nianze na la mwisho. Mkataba wake uliisha baada ya Kombe la Dunia 2014, ambako alivuka makundi na kutolewa na Ufaransa 2-0. Aliingia kwenye mechi za kufuzu AFCON 2015 bila mkataba mpya. Wakafungwa 3-2 na Congo Brazzaville pale Calabar, wakafungwa na Sudan, wakatoka 2-2 na Afrika Kusini Uyo. Bingwa mtetezi akakosa kufuzu. Kocha asiyejua kesho yake hawezi kumweka nje mchezaji mkubwa, na wachezaji wanalijua hilo. Kwa hiyo hata hapo Kizota andikianeni karatasi: muda, posho, na kwamba anayepanga kikosi ni kocha peke yake.

Hatua sasa. Nahodha wenu aende chama cha soka cha wilaya au DOREFA, chama cha soka cha mkoa wa Dodoma, aulizie kozi za ukocha. Zinaandaliwa na TFF, shirikisho la soka nchini. Anaanza na grassroots, kisha leseni D, C, B, A, hadi Pro za CAF, shirikisho la soka Afrika. Asiwaze kuzikusanya haraka haraka. Kwa kila ngazi ni vizuri awe na timu anayoifundisha, la sivyo cheti kinabaki kabatini. Msimu wa kwanza mpeni vijana wa chini ya miaka 17, au awe msaidizi wa wakubwa.

Pale manahodha wanapokwama ni hapa: wanaonyesha badala ya kueleza. Anachukua mpira, anapiga krosi safi, vijana ishirini wamesimama foleni wakimtazama. Akiwa na vijana 20 na mipira minne, agawe makundi manne ya watano. Wanne wanapiga pasi, mmoja anakaba, kwenye mraba wa mita 8 kwa 8. Dakika mbili, wanabadilishana anayekaba. Wakishindwa kupiga pasi tano mfululizo, apanue hadi mita 10. Wakizidisha kumi kirahisi, apunguze mguso uwe mmoja au miwili. Baada ya hapo watano kwa watano kwenye mita 30 kwa 20.

Aanze saa kumi na nusu jioni, jua likipungua makali. Dodoma kiangazi uwanja ni mgumu na upepo unasukuma mpira: amwage maji eneo la katikati kama yapo, na mipira mirefu aifundishe pande zote mbili, kwa upepo na dhidi ya upepo.

Siku ya mechi asipige kelele dakika 90 kama alivyozoea akiwa uwanjani. Achukue daftari, aandike mambo matatu tu kipindi cha kwanza. Mapumziko ni dakika 15: nne za mwanzo wanywe maji watulie, kisha aseme mambo mawili, la kukaba moja na la kushambulia moja. La tatu alifanyie mazoezi Jumatatu.

Kiungo Mkabaji

Mpeni na mfano wa Aliou Cissé. Nahodha wa Senegal 2002, alikosa penalti kwenye fainali ya AFCON dhidi ya Cameroon. Alipita usaidizi na timu ya chini ya miaka 23 kabla ya kukabidhiwa wakubwa 2015, akapoteza fainali ya 2019, akalibeba kombe Februari 2022 kwa penalti. Na aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria kwenye fainali ya 1994 ni Emmanuel Amunike, yule yule aliyeipeleka Taifa Stars AFCON 2019 baada ya miaka 39.

Mdau wa Jamhuri

Swali la mwisho: wengi kikosini ni marafiki zake, wamecheza naye. Akimweka mmoja nje?

Kocha wa Vumbi

Amwambie yeye kwanza, peke yake, siku moja kabla, na ampe sababu ya kiufundi: "unachelewa kurudi tukipoteza mpira", sio "nimeamua tu". Orodha isomwe mbele ya wote baada ya hapo. Na aache kukaa nao kijiweni usiku wa kuamkia mechi.